Kuuza vikapu mtandaoni na kikundi cha akina mama wa kijijini: hatua ninazofuata

Mwongozo huu ni wa yule anayekishika mkono kikundi cha wanawake wa kijijini wanaotaka kuuza kazi zao mtandaoni: binti wa mmoja wao mwenye simu janja, afisa maendeleo, mtu wa kujitolea. Natumia mfano wa vikapu kwa kuwa ndiyo kazi niliyotoka kusaidia. Ukiwa na mikeka au nguo, hesabu hazibadiliki sana.

Hatua ya 1: Chagueni bidhaa moja

Iwe kitu wanachokitengeneza tayari na kinachonunuliwa tayari, hata kama mnunuzi ni dalali anayewapunja. Msianze na ufundi mpya na soko jipya kwa pamoja. Na msitarajie kwamba mtandao ukishafika kijijini, mauzo yatafuata yenyewe. China ilikuwa na mpango mkubwa wa kupeleka biashara ya mtandaoni vijijini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa walionufaika zaidi ni wanunuzi wachache, hasa vijana na wenye kipato kikubwa zaidi, waliopata bidhaa kwa nafuu. Kipato cha wazalishaji wa kawaida hakikuonekana kupanda.

Hatua ya 2: Picha

Piga mchana, kivulini, nyuma ukiweka shuka jeupe. Mbele, upande, ndani, na moja yenye rula pembeni. Filta marufuku: rangi ya pichani isipofanana na ya mkononi, mteja atadai pesa yake.

Hatua ya 3: Duka

WhatsApp Business (WhatsApp ya biashara), na katalogi yake, yaani orodha ya bidhaa zenye picha na bei. Basi. Kila kikundi huja na mtu anayetaka kuwatengenezea tovuti, nami kila mara nakataa. Tovuti hulipiwa kila mwaka, na siku mfadhili akiondoka inazimika na wateja wanapotea nayo. Mkitaka wanunuzi wa nje ya nchi, jukwaa kama Etsy lina watu wengi wanaotafuta kazi za mikono, ila kabla ya kupakia picha hata moja hakikisheni nchi yenu imo katika orodha ya nchi ambazo mfumo wao wa malipo unazipokea. Nchi nyingi hazimo.

Hatua ya 4: Usafirishaji (soma hii kabla ya kupanga bei)

Hapa ndipo faida inapopotelea, na watu huifikia wakiwa wameshamtajia mteja bei.

Kampuni za usafirishaji wa haraka hazitozi kwa mzani peke yake. Zinapima pia uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo cha katoni kwa sentimita, halafu gawa kwa 5,000. Jibu linakuwa kilo. Uzito wowote ulio mkubwa kati ya huo na wa mzani ndio unaolipiwa. Sasa chukua kikapu kigumu kinachojaza katoni ya 40 kwa 40 kwa 40. Zidisha, unapata 64,000. Gawa kwa 5,000, unapata 12.8. Kikapu cha kilo moja na nusu kinalipiwa kama mzigo wa karibu kilo 13! Nauli inakizidi kikapu chenyewe, na mteja anatoweka bila kuaga.

Njia za kujinasua ni mbili. Ya kwanza ni kuuza kwa seti: vikapu vitatu vinavyoingia kimoja ndani ya kingine. Katoni ni ile ile, nauli ni ile ile, lakini inagawanywa kwa vitatu. Hapa wasusi lazima wakubaliane vipimo. Kila mama akisuka kwa jicho lake, cha kati hakitaingia kwenye kikubwa. Kata vijiti vitatu vya urefu wa vipenyo vinavyotakiwa, umpe kila mmoja wao seti yake. Vijiti ni bora kuliko futi kamba, kwa sababu hakuna wa kusoma namba vibaya. Mishikio ilazwe ndani.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kusuka kikapu laini kinachokunjika. Kikikunjwa kikaingia kwenye katoni ya 40 kwa 30 kwa 10, uzito wa ujazo unashuka hadi kilo 2.4. Zaidi ya hapo, mlango wa posta unafunguka. Kifurushi kidogo cha posta ya kimataifa kinaruhusiwa hadi kilo 2, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, huku upande wowote usizidi 60. Katoni hiyo ina jumla ya 80, inapita. Ile ya kikapu kigumu ina 120, haipiti. Lakini jaribuni kwanza: kunjeni kimoja, mkiwekee kitu kizito juu kwa wiki nzima, kisha mkifungue. Kama alama ya mkunjo haiondoki, msikiuze kwa njia hiyo.

Bado kuna forodha. Kifurushi kidogo kinajaziwa CN22, fomu ya posta ya kueleza kilichomo na thamani yake. Thamani ikizidi SDR 300 (kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa) inatumika fomu nyingine, CN23. Andika "kikapu cha kusuka kwa mkono", taja malighafi, na namba ya ushuru inayoanza na 4602. Usiandike "zawadi" ili mteja akwepe kodi. Ni uongo kwenye hati ya serikali, na anayebeba jina la mtumaji ni mama wa watu.

Mteja naye aambiwe mapema kuhusu kodi ya kwao. Umoja wa Ulaya unatoza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa kila bidhaa inayoingia, hata ya thamani ndogo, tangu tarehe 1 Julai 2021. Marekani nayo ilisimamisha kwa nchi zote, tarehe 29 Agosti 2025, msamaha wa ushuru uliohusu vifurushi vya hadi dola 800. Mteja akidaiwa mlangoni kitu ambacho hakukijua, anaukataa mzigo, na gharama ya kuurudisha ni yenu. Australia hukagua kwa ukali vitu vya mimea, kwa hiyo majani yakauke kabisa na pasiwe na mdudu wala mbegu. Kanuni hizi hubadilika. Ulizeni posta kabla ya kila nchi mpya.

Hatua ya 5: Bei

Malighafi, saa za kazi, katoni, makato ya malipo, nauli. Saa za kazi ndizo zinazosahaulika, kwa sababu mama anasuka huku akipika na kuchunga. Aandike kwenye daftari alipoanza na alipoacha. Ukitoa gharama nyingine zote kwenye bei, ukagawanya kinachobaki kwa saa hizo ukakuta ni chini ya anachopata akienda kibarua shambani, bidhaa hiyo iachwe, hata kama wateja wanaisifia.

Hatua ya 6: Pesa ziende kwa nani

Ziende kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la msusi mwenyewe. Isiwe ya mume, wala ya mwenyekiti, wala yako wewe unayesaidia. Namba ya siri aiweke mwenyewe. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba pesa za simu nchini Kenya zilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walihama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda kwenye biashara. Kama jukwaa linalazimisha akaunti moja ya kikundi, watia saini wawe watatu, na siku pesa inapoingia kila mmoja asomewe kiasi chake mbele ya wote, makato yakiwemo.

Hatua ya 7: Oda ya kwanza

Ipelekeni posta mkiwa na msusi mwenyewe, si kwa niaba yake. Ajaze fomu, alipe, apige picha risiti yenye namba ya ufuatiliaji na kumtumia mteja kwa simu yake. Ya pili aende na mwenzake. Wewe baki nyumbani, simu ikiwa wazi.