Spika ya omu 16? Jaribu skrubu ya 8

Kama una spika za zamani zinazotoa sauti kubwa kwa umeme kidogo, mfano Altec 604 za omu 16 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme), na amplifaya yako ni ya valvu (zile taa za kioo), izime, kisha hamisha waya wa spika, nyuma ya amplifaya, kutoka skrubu ya omu 16 kwenda ya 8. Kupitia transfoma iliyo kati ya valvu na spika, valvu huona upinzani karibu mara mbili: sauti husafika, besi hukaza, na ule mvumo unaosikika ukisogeza sikio kwenye spika hupungua kidogo. Wati zitapungua pia, ila spika ya desibeli karibu 100 kwa wati moja wala haijali. Kwa spika za kisasa zinazokula wati usijisumbue. Amplifaya ya pentodi (aina ya valvu) isiyo na fidbeki, yaani isiyorudisha sehemu ya sauti inayotoka ili kujirekebisha, nayo inaweza kukwaruza zaidi. Ikiwa hivyo, rudisha waya kwenye 16.