Ukitaka kutafuta ua lililodhaniwa limeisha

Ua kusemwa limetoweka si lazima liwe limekufa kweli, kule California kuna kijiua cha rangi ya waridi cha Mlima Diablo kilionekana mara ya mwisho 1936 watu wakakata tamaa, 2005 mwanafunzi akakikuta kimechanua zake.

Sasa kama wewe ni wa Malindi, msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo hapo. Kwanza jua ua lako linapenda udongo gani, manake mchanga mweupe wa kwenye miti ya mirihi na ule udongo mwekundu hazioti vitu sawa, utazunguka bure. Nenda masika yakiisha ndo maua mengi madogo hutokea, na uende na mwongozaji, ndovu wamo mle si mchezo.

Ukiliona usiling'oe jamani! Weka sarafu kando upate saizi, piga picha ua, jani juu na chini, shina, na mimea ya jirani, alafu andika tarehe na hesabu miche. Picha wapelekee wataalamu wa mimea pale Makumbusho ya Taifa Nairobi, wana mimea iliyokaushwa ya kulinganishia. Mtandaoni usiseme ni wapi, wachimbaji wa mimea hawalali.