Keki moja: iliki upande huu, kakao upande ule

Kwa mama yangu, keki isiyo na iliki ni mkate tu wenye sukari. Binti yangu wa miaka 9 naye hataki kusikia iliki. Anataka kakao, nyeusi ti. Hapa kwetu Tanga naoka kila Ijumaa, na oveni yangu ni sufuria kubwa lenye mchanga juu ya jiko la mkaa. Kuoka keki mbili ni kuwasha mkaa mara mbili, na mkaa una bei. Kwa hiyo naoka moja tu, nusu kwa nusu, kwenye tini ya duara ya inchi 9.

Mara ya kwanza iliniharibikia. Niligawa mchanganyiko, nusu moja nikaitia kakao kavu, nikaimimina. Kumbe kakao hunywa maji kuliko unga wa ngano. Nusu ile ilikaza mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Motoni, upande wa iliki uliumuka ukaulalia wa kakao, na tulipokata tukakuta kakao imekauka, ina ufa katikati. Binti yangu alikula maganda ya pembeni, akaacha mengine. Tangu siku hiyo, kabla sijamimina chochote, nahakikisha pande zote mbili zina uzito mmoja mwikoni.

Andaa siagi gramu 250 iliyolainika bila kuyeyuka, sukari gramu 220, mayai makubwa 5 yasiyotoka kwenye friji muda huo huo, unga wa ngano gramu 230, beking pauda vijiko 2 vya chai na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Weka pembeni unga mwingine gramu 20. Hizo gramu 20 usizidharau, utaona kazi yake.

Iliki nachukua punje 12, zile za Amani kwenye Milima ya Usambara, kwa kuwa ziko karibu na hufika sokoni zikiwa bado zinanukia. Nazimenya, natwanga mbegu pamoja na kijiko kimoja cha sukari. Sukari inazisaga ziwe laini. Ukitwanga mbegu peke yake zinarukaruka kinuni na mtu atakuja kuzitafuna kwenye keki. Kakao, gramu 20, ambazo ni kama vijiko 3 vya chakula. Iwe kakao tupu, kama ile inayotokana na mashamba ya Kyela, siyo ya kunywa iliyokwisha kutiwa sukari na maziwa.

Chapa siagi na sukari mpaka viwe vyeupe na vyepesi, dakika 8 kwa mkono wangu. Tia yai moja moja. Ukiona mchanganyiko unakatika, rushia kijiko cha unga uendelee. Kisha chekecha unga, beking pauda na chumvi humo, ukunje taratibu kwa mwiko.

Sasa gawa kwa mizani, usikisie kwa macho. Kwangu hutoka kama gramu 470 kila bakuli. Bakuli la kwanza litie iliki, zile gramu 20 za unga na kijiko kimoja cha chakula cha maziwa. Kakao ikoroge kwanza na vijiko 3 vya maziwa ya uvuguvugu mpaka iwe kama uji mzito usio na madonge, ndipo uitie bakuli la pili. Inua miiko yote miwili. Mchanganyiko udondoke kwa uzito, mafungu yaanguke sawasawa. Upande uliokaza zaidi uongeze maziwa, kijiko cha chai kwa kijiko cha chai.

Cha kutenganishia nakata kipande cha boksi, upana sawasawa na tini, kimo kupita ukingo wake, nakivisha foili na kukipaka siagi. Kisimamishe katikati ya tini iliyopakwa siagi na kuwekwa karatasi chini. Tia mwiko mmoja huku, mmoja kule, kwa zamu. Ukijaza upande mmoja kwanza, ukuta utasukumwa. Ukimaliza, vuta boksi juu wima, polepole. Usigonge tini wala kuitikisa.

Mkaa chini uwe kidogo, mwingi uwe juu ya mfuniko. Kwangu huchukua dakika 50. Mwenye oveni aweke nyuzi 170, aanze kuangalia dakika ya 45. Baada ya nusu saa izungushe tini, kwa sababu mkaa hauwaki sawa pande zote. Kuiva pima kwa kijiti, na upime kila upande: kakao ni nyeusi tangu mwanzo, rangi haitakwambia kitu.

Iache kwenye tini dakika 10, igeuze, ipoe kabisa. Mimi hukata kwanza kufuata mstari, kila nusu ijitegemee, halafu vipande. Mama anafunikiwa vyake mpaka kesho, maana iliki ikilala hunukia zaidi. Lakini kabla ya kisu kufuata mstari, kuna kipande kimoja chembamba nakitoa pembeni, chenye iliki huku na kakao kule. Hicho ni changu, na chai ya rangi.