Pudini ya ndizi na biskuti bila oveni, trei moja inatosha watu 20

Haya jamani, shughuli ipo nyumbani, iwe futari, iwe kipaimara cha mtoto au ndugu tu wanakuja Jumapili, pilau ipo, kuku wapo, kachumbari ipo, ila kitu kitamu cha kumalizia hakuna. Keki inataka oveni na wengi wetu hatuna, kununua keki ya watu 20 nayo ni hela ndefu. Tafuta ndizi mbivu, biskuti za Marie na maziwa utengeneze pudini ya trei. Jiko unaliwasha muda mfupi tu kwa ajili ya kastadi, mengine yote ni kupanga na kuliachia friji lifanye kazi.

Kabla hata ya mahitaji niseme hili kwa msisitizo: pudini hii inatengenezwa jana yake. Biskuti inahitaji masaa yasiyopungua 6 kunywa ule unyevu wa kastadi ili ilainike na ikatike kwa kijiko, na ikilala usiku mzima ndo inanoga kabisa. Mtu anayesema pudini yangu haijashika, ukimuuliza vizuri unakuta ameitoa baada ya saa moja na nusu. Ukishaielewa hiyo umemaliza nusu ya kazi, na raha yake ni kwamba siku yenyewe unahangaika na pilau tu, tamu iko ndani imetulia.

Mahitaji

Trei ya sentimita 23 kwa 33 hivi, yenye kina cha kama sentimita 5, ya kioo ikiwepo maana matabaka yanaonekana na yanavutia. Maziwa lita moja na nusu. Unga wa kastadi gramu 100, ni karibu vijiko vya chakula 10 visivyojaa mlima. Maziwa mazito ya kopo, nusu kopo, na sukari vijiko vya chakula 3. Siagi kijiko kimoja, chumvi kidogo sana, vanila kijiko cha chai kimoja, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai. Biskuti za Marie gramu 400. Krimu ya kupiga mililita 250. Ndimu moja. Ndizi kisukari 14, au mtwike 7 kama ni zile ndefu.

Kuhusu ndizi mimi nachagua kisukari, ni ndogo ila utamu wake na harufu yake inatoboa kastadi, mtwike ni nzuri pia ila imepoa kidogo. Mzuzu acha, hiyo ni ya kukaanga. Unataka ndizi iliyoiva njano yote na vidoadoa vya kahawia vimeanza, hapo wanga umeshageuka sukari lakini nyama bado imekaza. Ikiwa na ncha za kijani inakuwa na ukakasi, ikiwa nyeusi inateleza na kumwaga maji. Kama umezikuta sokoni bado ngumu zinunue siku 3 kabla, zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na moja iliyoiva, gesi inayotoka kwenye ile mbivu inazivuta wenzake. Usiziweke kwenye friji zikiwa mbichi, baridi inazuia kuiva na maganda yanakuwa meusi.

Hatua ya 1: Kastadi

Hapa ndo penye pudini yenyewe kwa hiyo usikimbie. Kama maziwa ni ya ng'ombe ya kupimiwa yachemshe kwanza yapoe, ya boksi unatumia moja kwa moja. Toa kikombe kimoja na nusu cha maziwa baridi, weka unga wa kastadi, koroga mpaka hakuna hata kidonge kimoja. Lazima yawe baridi, unga ukikutana na maziwa ya moto unajifunga vidonge hapo hapo na hutaviondoa.

Maziwa yaliyobaki weka kwenye sufuria nzito, tia sukari, maziwa ya kopo, chumvi na iliki, bandika moto wa wastani. Yakianza kufuka na kutoa vipovu pembeni punguza moto, koroga tena ule mchanganyiko wako wa unga maana umeshatuama chini, kisha mimina taratibu huku mkono mwingine unakoroga bila kuacha. Tumia mchapo wa waya, kama huna basi mwiko, ila upitishe mpaka kwenye kona za sufuria huko ndo kunakoungulia. Wenye mkaa punguzeni makaa kabisa kabla ya kumimina.

Dakika ya kwanza utaona kama hakuna kinachotokea, halafu ghafla mkono unaanza kuwa mzito, kastadi inarusha vipovu vikubwa vya polepole kama uji. Usiepue hapo! Unga wa kastadi ni wanga wa mahindi, usipochemka vizuri unabaki na ladha ya unga mbichi na kesho yake unatoa maji. Endelea dakika 2 au 3 zaidi ukikoroga. Kipimo changu: chovya mwiko, ugeuze, pitisha kidole mgongoni mwake, ule mstari ukibaki wazi kingo zake zisikutane, imeiva. Epua, tia siagi na vanila, koroga ing'ae.

Ukitaka kuonja, onja na kijiko kingine na usikirudishe sufuriani. Watu wanadhani nasema kwa ajili ya usafi peke yake, hapana, mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kijiko cha mate kikiingia kinaweza kuilegeza kastadi iliyokuwa imeshika vizuri. Waambie na watoto wanaozunguka jikoni.

Sasa tandika plastiki ya kufunikia chakula juu ya kastadi yenyewe, iguse kabisa, ili isifanye utando. Weka sufuria kwenye beseni la maji ya baridi, ipoe mpaka iwe vuguvugu kidogo tu. Ya moto inapika ndizi, na iliyopoa kabisa inakuwa nzito haitandaziki.

Hatua ya 2: Kupanga

Kastadi ikishapoa ndo unamenya ndizi, sio kabla. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita, kamulia ndimu kama kijiko kimoja cha chakula kwa ndizi zote, geuza kwa mkono taratibu. Ndizi inakuwa nyeusi kwa sababu ya hewa, ndimu inachelewesha tu, kinachoikinga kweli ni kufunikwa na kastadi pande zote. Usizidishe ndimu maana maziwa yatakuwa na ukali.

Paka kastadi kidogo chini ya trei ili biskuti zisiteleze. Panga biskuti tabaka moja, mapengo yajaze na vipande. Mwaga theluthi ya kastadi, panga nusu ya ndizi zikae zimelala, biskuti tena, theluthi nyingine ya kastadi, ndizi zilizobaki, biskuti za mwisho, na kastadi yote iliyobaki juu. Pitisha mgongo wa kijiko mpaka kwenye kingo, angalia kusiwe na ndizi inayochungulia, hiyo inayochungulia ndo itakayokuwa nyeusi kesho. Bakiza biskuti 6 au 7 pembeni kwa ajili ya kupambia.

Kuna anayetaka kuongeza nanasi au papai ili ipendeze. Yakiwa hayajapikwa usiweke, hata kama yameiva, yana vimeng'enya vinavyoshambulia protini ya maziwa na pudini inakuwa chungu kesho yake. Kama unataka tunda lingine weka embe.

Funika, weka kwenye friji usiku kucha, mbali na samaki na vitunguu tafadhali, maziwa yanavuta harufu vibaya mno.

Hatua ya 3: Krimu, asubuhi yake

Kwa joto la Dar krimu haipigiki kama haijapoa sawasawa, kwa hiyo pakiti ilale kwenye friji, na bakuli pamoja na mchapo uviweke kwenye friza robo saa. Piga mpaka ukinyanyua mchapo krimu isimame na ncha yake ijikunje kidogo, acha hapo hapo, ukiendelea inakatika na kuelekea kuwa siagi. Tandaza juu ya pudini. Kama krimu hujaipata au bei imekushinda achana nayo, kastadi yenyewe inatosha na watu watakula vizuri tu.

Zile biskuti ulizobakiza zivunjevunje, nyunyiza dakika chache kabla ya kuleta mezani ili zibaki na ukavu wake. Karanga za kukaanga zinapendeza sana juu ila ziweke kwenye bakuli la pembeni, kuna watu karanga zinawadhuru na hutawajua wote kwenye shughuli.

Kuhifadhi na kugawa

Hiki ni chakula cha maziwa, kwa hiyo kitoke kwenye friji watu wakishamaliza kula, sio kikae mezani tangu saa 5 asubuhi. Nje ya friji kisizidi masaa 2, na siku ya jua kali la nyuzi 32 na kuendelea, saa moja tu. Umeme ukikatika usifungue fungue friji. Kama unaipeleka kwa ndugu ifunike vizuri, weka kwenye boksi lenye barafu, trei ikae sawa isilale upande.

Kama wageni wengi ni watoto, ni bora upange kwenye vikombe vidogo vya plastiki tangu usiku, tabaka ni zile zile, kila mtoto anapewa chake na kijiko chake na hakuna ugomvi. Ikibaki rudisha kwenye friji siku hiyo hiyo mmalizie kesho yake, ikipita hapo ndizi zinakuwa zimelegea na haina utamu tena.