Kabla hujafungua magneto ya trekta la zamani

Mvua za Lubumbashi huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na trekta lililolala kiangazi kizima huonyesha ugonjwa wake siku ile ile ardhi inapolainika. Kazi hii ifanye Septemba, wakati bado unaweza kumtuma mtu mjini kutafuta kipuri, akarudi mikono mitupu, ukamtuma tena, na msimu usikupite.

Hakikisha kwanza kwamba ni magneto, kifaa kinachotoa cheche ya kuwashia petroli. Trekta la dizeli kwa kawaida halina buji, yaani plagi za cheche, kwa hiyo halikuhusu. Ukikuta betri, bobini (koili ya cheche) iliyofungwa pembeni na delko, yaani kigawa cheche, huo ni mfumo mwingine. Magneto huzalisha umeme wake yenyewe kwa sumaku inayozunguka, wala haihitaji betri. Matrekta mengi ya zamani ya Farmall, ya Marekani, yalikuwa nayo.

Magurudumu yawekewe mawe mbele na nyuma. Gia iachwe huru. Bomba la petroli lifungwe. Nyaya za buji zipige picha kwa simu kabla hujachomoa hata moja. Kwenye Farmall za silinda nne moto hufuata mpangilio wa 1-3-4-2, na ukizichanganya utalaumu magneto isiyo na kosa.

Sasa waya wa kuzimia, ule unaotoka kwenye magneto kwenda kwenye swichi. Hapa ndipo watu wanapoumia, na mara nyingi anayeumia ni fundi mzuri, kwa sababu amezoea magari. Kwenye gari lenye betri, ukichomoa waya umeme umekatika, injini haiwaki. Kwenye magneto ni kinyume kabisa. Swichi yake haikati kitu. Inaupeleka umeme kwenye masi, yaani chuma cha trekta lenyewe, ukafie huko. Ukichomoa waya ule, umeondoa njia ya swichi kuizima injini.

Kwenye shamba moja upande wa barabara ya Kipushi waliitwa fundi wa magari na kijana wake. Trekta lilikuwa linakataa kuwaka tangu wiki iliyotangulia. Mwenye shamba akauliza, "Papa fundi, umekata moto?" Fundi akamwonyesha waya mkononi, umechomolewa, ncha imeng'aa: "Nimekata, Papa, usiogope." Buji zote zilikuwa bado mahali pake. Kijana akashika manivela, mkono wa chuma wa kuzungushia injini, aizungushe polepole, kutafuta pistoni ya kwanza inapofika juu. Petroli ya siku zilizopita ilikuwa imebaki ndani. Injini iliyokataa kuwaka wiki nzima ikapiga mara moja tu, kinyumenyume, na manivela ikamrudia kijana juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mfupa ulisikika. Fundi alibaki ameushika ule waya, akiutazama.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomoa buji zote nne, injini ibaki bila mgandamizo. Kila buji irudishe kwenye waya wake na uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na matundu, maana mvuke wa petroli unawaka. Usiache waya wa buji ukining'inia hewani: umeme ukikosa pa kutokea hutoboa bobini kutoka ndani. Kisha funga kipande cha waya kutoka kwenye skrubu ya waya wa kuzimia hadi kwenye chuma kisafi, kisichokuwa na rangi wala kutu. Zungusha, tazama buji. Kusiwe na cheche hata moja. Hapo ndipo kijana wako aguse manivela kwa raha.

Waya huo huo una ugonjwa wa pili, wa upande wa pili. Ukigugunwa na panya au ukisuguana na chasi hadi shaba ionekane, umeme wote unaishia kwenye masi na trekta haliwaki kamwe. Ukague kabla hujafungua chochote kingine. Nimeona magneto nzima ikivunjwavunjwa kwa ajili ya waya mmoja uliochubuka.

Zungusha taratibu usikilize. Magneto nyingi za matrekta zina springi inayojikunja kisha kufyatuka, "ta!", ili cheche itoke kwa nguvu na ichelewe hadi pistoni imefika juu. Usiposikia mlio huo, vikucha vya springi hiyo vimegandishwa na grisi kavu, cheche inatoka mapema, na manivela itapiga mkono. Vioshe kwa mafuta ya taa, weka tone la mafuta mepesi, grisi usiweke.

Platini, yaani ncha mbili zinazogusana na kuachana ndani ya magneto, zisafishwe kwa tupa laini, si msasa, maana chembe zake hubaki katikati. Kwenye magneto ya aina ya H-4 nafasi kati ya platini ni milimita 0.33. Zikiungua haraka baada ya kusafishwa, kondensa, kile kikopo kidogo kinachozilinda na cheche, imechoka. Kofia ya magneto, inakotoka nyaya za buji, ifute vumbi jekundu na unyevu, na utafute ufa mwembamba mweusi ndani yake. Rota ya sumaku usiitoe kama huna sababu; kwenye magneto za zamani sana, sumaku ikikaa nje bila chuma cha kuiziba hupoteza nguvu.

Nyaya za buji ziwe za shaba ndani. Bobini ya kuokota sokoni ijaribiwe ikiwa imepata moto, si ikiwa baridi, maana nyingi hufa injini ikishapashika. Watoto wasikae kwenye kiti. Anayewasha avute manivela kwenda juu, asiisukume chini, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Asiwe na mikono ya koti inayoning'inia, asiwe amekunywa, na asiwe mtu anayeharakishwa na mwenye shamba aliyesimama nyuma yake akitazama mawingu.