Mikoko yenu na pesa za kaboni: anzeni na karatasi, si miche

Vikundi vingi vya pwani huniuliza kwanza miche inapatikana wapi. Miche ndiyo kazi nyepesi. Kule Gazi, Kwale, kikundi cha jamii cha Mikoko Pamoja wanauza kaboni, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inainyonya na kuihifadhi, tangu 2013 kwa hekta 117 tu, takriban tani 3,000 za hewa hiyo kwa mwaka, na pesa zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni.

1. Jueni msitu ni wa nani. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Hata kama babu zenu walikata boriti hapo, kaboni hamuiuzi mpaka muwe na chama cha jamii cha misitu kilichosajiliwa, mpango wa usimamizi, na mkataba na KFS, shirika la serikali la misitu. Hatua hii hula miezi, na wengi huchokea hapa.

2. Pimeni miti maji yakishakupwa, maana kaboni huhesabiwa kwa unene wa mti. Mti wa kawaida hupimwa unene mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenye mizizi iliyosimama kama miguu hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Nimeshaona kikundi kinazungusha utepe kwenye mizizi na kushangilia unene!

3. Kuni zitoke wapi? Gazi wamepanda mivinje, miti ya kukata badala ya mikoko. Mkiruka hili, mapanga yatahamia msitu wa jirani.

4. Mgao wa pesa uandikwe barazani kabla senti haijaingia.

MASWALI

Tulipanda mwaka jana. Tutalipwa lini?
Si karibuni, ndugu yangu. Mche wa magotini una kaboni kidogo mno. Pesa za mwanzo hutokana zaidi na msitu uliosimama, ambao usingelindwa ungekatwa, tena baada ya mkaguzi wa nje kuthibitisha.

Mwalimu, kampuni imetuletea mkataba wa miaka 30, wa Kiingereza. Wanataka saini Ijumaa.
Ijumaa msisaini. Sheria ya tabianchi, ilivyorekebishwa 2023, inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa ardhi. Waulizeni: hiyo 40 inahesabiwa kabla ya kutoa gharama zao au baada? Jibu waliandike, kwa Kiswahili.

Sisi akina mama tunaookota chaza mikokoni, tutafungiwa msitu?
Ingieni kikao kinachoandika mpango wa usimamizi, dada zangu, na chaza watajwe kwa jina. Msipotajwa, siku moja mlinzi atawakuta na ndoo zenu awaone wezi.