Kwenda Terra Madre, Turin: mwongozo kwa mkulima mdogo na kikundi chake

Terra Madre ni mkutano wa wakulima, wafugaji, wavuvi na wapishi unaoandaliwa na Slow Food, shirika la kimataifa la kutetea vyakula vya asili na wanaovizalisha, mjini Turin, kaskazini mwa Italia. Wa kwanza ulifanyika Oktoba 2004 na kukusanya watu wapatao 5,000 kutoka nchi 130 hivi. Tangu hapo hufanyika kila baada ya miaka 2, na mwaka 2012 uliunganishwa na maonyesho makubwa ya vyakula yaitwayo Salone del Gusto. Rais wa Slow Food aliyechaguliwa mwaka 2022 ni Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda, kwa hiyo usiende ukidhani ni shughuli ya Wazungu ambayo sisi tumeitwa tukapige ngoma. Tayari kuna vyakula vya kwetu vinavyojulikana kule: asali ya nyuki wadogo wasiouma ya Arusha, maziwa ya Wapokot yanayotiwa majivu, maboga ya Lare, kuku wa Molo, ng'ombe wa Ankole.

Mimi ni mfugaji wa nyuki wadogo upande wa Meru, na kazi ya kuandaa wajumbe wa kikundi huniangukia mimi. Nitasema ninayoyajua kwa asali; wa kahawa, wa mbegu na wa samaki watajipimia wenyewe.

Hatua ya 1: Amueni nani anakwenda, na anakwenda kuuliza nini

Vikundi vingi humtuma mwenyekiti, au yule kijana anayejua Kiingereza. Ushauri wangu: mtumeni anayerina. Kule watu hawaulizi muundo wa uongozi wenu. Wanauliza mzinga mmoja unatoa asali kiasi gani, mnarina mwezi gani, ua gani linachanua wakati huo, na nani ananunua sasa hivi. Mwenyekiti asiyejua bei ya chupa atabaki kutabasamu tu. Lugha si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani, maana vikao vikubwa huwa na wakalimani, na mezani mtu akishika kijiko na kuonja, nusu ya mazungumzo imeshafanyika.

Kisha kaeni kikao, mchague swali moja tu, na liandikwe kwenye muhtasari. Swali la kwetu limekuwa hili: asali ya nyuki wadogo ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, kwa hiyo huchachuka upesi, wenzetu wanaihifadhije bila kuichemsha? Hilo ni swali linalokuonyesha pa kwenda. Wapo Wamexico wa milima ya Sierra Norte ya Puebla wanaofuga nyuki wasiouma ndani ya vyungu vya udongo. Wapo Wasateré-Mawé wa Brazil, nao wana nyuki wao na desturi zao. Mjumbe mwenye swali atawatafuta hao. Asiye na swali atazunguka mabandani akionja jibini hadi jioni.

Hatua ya 2: Hakikisha mwaliko ni wa kweli, na nani analipa nini

Katika mikutano ya 2022 na 2024, iliyofanyika katika eneo la Parco Dora mjini Turin, kiingilio kilikuwa bure kwa umma. Lakini kuwa mjumbe ni jambo jingine: hupitia mtandao wa Slow Food wa nchi yako, ambao hujua nani anafanya kazi gani wapi. Anza hapo, miezi mingi kabla, kwa kazi yenu inayoonekana, si kwa barua ya kujieleza.

Matapeli nao wamelijua soko hili. Ukipata barua pepe inayokualika kwenye "kongamano la kimataifa la kilimo" usilowahi kulisikia, hoteli ikiwa imelipiwa lakini wewe utume "ada ya usajili" kwa mtu binafsi, ifute. Ingia mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya waandaaji, chukua anwani iliyoko hapo, uliza. Usijibu kwa anwani iliyokuja na mwaliko.

Mwaliko ukiwa wa kweli, omba maandishi yanayotaja kitu kimoja kimoja: tiketi ya ndege, ada ya viza, bima, malazi, chakula, usafiri wa ndani, posho. "Tutagharamia ushiriki wako" haitoshi. Wapo wajumbe waliofika wakiwa wamelipiwa kila kitu isipokuwa chakula cha jioni, na Turin chakula cha jioni si cha mama ntilie. Kuhusu malazi, tangu mwanzo wajumbe wengi wamekuwa wakilala majumbani kwa familia za mkoa wa Piemonte. Ukipangiwa hivyo, usinung'unike ukitaka hoteli. Jikoni kwa mwenyeji utajifunza ambayo hayatafundishwa ukumbini.

Hatua ya 3: Viza

Hapa ndipo safari nyingi za wakulima hufia, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Unahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika siku 45, kwa hiyo mtu anayepeleka maombi mwezi mmoja kabla anacheza bahati nasibu. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa, na wakala wa kupokea maombi huongeza malipo yake. Pasipoti iwe haijazidi miaka 10 tangu kutolewa, iwe na kurasa 2 tupu, na iendelee kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari ifikie euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Alama za vidole unatoa mwenyewe. Hakuna wa kukuwakilisha.

Hayo yote ni ya kununua au kujaza. Ugumu uko kwenye swali ambalo karani hatakuuliza waziwazi: huyu atarudi? Mfanyakazi wa ofisi huonyesha mkataba na hati ya mshahara. Mkulima ana shamba la kimila, ng'ombe, mizinga, na fedha zinazopita kwenye simu. Utajiri wake upo, ila hauna karatasi. Kazi yenu ni kuutengenezea karatasi mapema:

Barua ya serikali ya kijiji inayotaja shamba, ukubwa wake na familia inayolitegemea. Kama hatimiliki ya kimila ipo, nakala yake.

Cheti cha usajili wa kikundi au cha AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), na barua ya kikundi inayosema mjumbe ana wajibu gani akirudi. Taja tarehe ya kikao atakachotoa ripoti.

Taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Fungua akaunti mwaka mmoja kabla, na mauzo yapitie humo hata kama ni madogo. Akaunti iliyokaa tupu ikaingia milioni 5 wiki moja kabla ya maombi inazua maswali kuliko akaunti yenye laki 4 zinazoingia na kutoka kila mwezi.

Barua ya mwaliko yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama nyumbani unaitwa Mama Neema na pasipoti inasema vingine, waandaaji wajulishwe cha pasipoti.

Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe kwa lugha ambayo orodha ya ubalozi inaitaka. Na niseme hili kwa ndugu zangu bila kuzunguka: mjumbe akizamia, kikundi chake na vya jirani hulipa deni hilo kwa miaka. Mnapomchagua mtu, mchagueni mkijua hivyo.

Hatua ya 4: Mzigo

Kwanza vya kuacha. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi katika mzigo wa abiria: nyama kavu, samli, mtindi, jibini, vyote viache. Mbegu, mizizi, matunda na mboga mbichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea. Walio nje ya sharti hilo ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani tu. Cheti hicho hutolewa na mamlaka za afya ya mimea, Tanzania TPHPA na Kenya KEPHIS, nao hukagua mzigo wenyewe, kwa hiyo usiende siku ya safari. Kahawa iliyokaangwa, majani ya chai na viungo vilivyosagwa havina usumbufu huo.

Asali inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa mtu, kwa matumizi binafsi. Hiyo si ruhusa ya kufanya biashara. Kuuza asali Ulaya kunataka mwagizaji aliyesajiliwa, vipimo vya maabara na nyaraka za mzigo, na hayo hupangwa na waandaaji mapema au hayapangwi kabisa. Peleka ya kuonjesha.

Sasa namna ya kuifunga. Uwanja wa ndege huhesabu asali kama kimiminika, kwa hiyo chupa inayozidi mililita 100 haipiti kwenye begi la mkononi; iende kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Asali ya nyuki wadogo ikianza kuchachuka hutoa hewa, na kifuniko hufyatuka. Chukua iliyorinwa karibuni, ikae mahali pa baridi hadi siku ya safari, tumia chupa za plastiki mpya zenye mdomo mpana, usijaze hadi shingoni, zungushia gundi ya karatasi kifunikoni, kisha kila chupa iingie mifuko 2 na kulazwa katikati ya nguo. Nguo zenyewe ziwe na sweta na koti la mvua. Parco Dora ilikuwa eneo la viwanda vya chuma. Limebaki paa kubwa juu ya nguzo ndefu, kuta hakuna, na upepo wa mwisho wa Septemba hupita utakavyo.

Kwenye begi la mkononi weka karatasi, si picha za simu tu: mwaliko, bima, tiketi ya kurudi, anwani ya malazi. Afisa wa mpakani ana haki ya kuvidai hata kama viza unayo.

Hatua ya 5: Ukishafika

Ndege nyingi za kutoka kwetu hutua Malpensa, karibu na Milano. Kutoka hapo kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Turin, safari ya saa 2 hivi. Kuhusu chakula, polenta ya Piemonte ni mahindi yaliyosongwa, utajisikia nyumbani. Muislamu ajifunze neno maiale, yaani nguruwe, na aulize kila mahali, maana nyama yake huingia hata kwenye supu na michuzi ambayo hukuitegemea.

Toka asubuhi moja uende soko la Porta Palazzo. Kuna sehemu ya wakulima wenyewe wanaouza mazao yao. Angalia wanavyopanga meza, wanavyoandika bei na kijiji zao lilikotoka. Hilo halihitaji viza ya pili wala mradi kuliiga kwenye masoko yetu ya Tengeru au Marikiti.

Hatua ya 6: Mezani na kwenye vikao

Usijaribu kuhudhuria kila kitu. Chagua vikao 2 vinavyogusa swali lenu, muda uliobaki ukae mezani au uende kwenye meza za wenzako. Asubuhi za siku za kwanza ndizo nzuri. Mwisho wa wiki umati huwa mkubwa na watu huonja tu wakapita.

Andaa kadi ndogo, upande mmoja Kiingereza, mwingine Kiitaliano: jina la chakula kama mnavyokiita nyumbani, mahali, nani anakitengeneza, mwezi wa mavuno, kiasi mnachoweza kutoa kwa mwaka. Kiasi hicho kiwe cha kweli. Atakuja mtu mwenye suti ataulizia tani. Kama mnavuna lita 200, sema 200, na useme soko lenu la kwanza ni Arusha na Moshi. Mkutano huu hasa ndio mahali ambapo jibu hilo huheshimiwa: Slow Food hudai chakula kizuri, safi na cha haki, na wengi humo wanaamini chakula kiliwe karibu na kinakolimwa.

Usitie saini kitu chochote ukiwa umesimama bandani. Wala karatasi ya "makubaliano ya awali". Piga picha, sema kikundi kitajibu.

Na mtu akikuomba mbegu, au kipande cha mzinga chenye malkia, "kidogo tu kwa utafiti", mjibu kwa adabu kwamba hilo lina utaratibu. Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, unatambua haki ya nchi na ya jamii kuridhia kwanza na kunufaika na rasilimali zake za kijenetiki. Mtafiti mwaminifu anaujua na hatakasirika. Maarifa ya kawaida, kama namna ya kupanga mizinga au kuzuia siafu, yape bure na uyapokee bure. Ndiyo fedha ya mkutano huu.

Kila jioni, kabla ya kulala, tuma sauti ya dakika 3 kwenye kundi la WhatsApp la wanakikundi: nimemwona nani, kasema nini kuhusu swali letu. Ukisubiri kurudi utakumbuka jibini na baridi tu.

Hatua ya 7: Kurudi

Usirudi na mbegu za zawadi mfukoni. Kuingiza mimea nchini kunahitaji kibali chetu na cheti cha huko, na mdudu mmoja mgeni anaweza kumaliza mashamba ya wilaya nzima.

Ndani ya wiki ya kwanza waandikie wote uliochukua namba zao, ujumbe mfupi wenye picha mliyopiga pamoja, maana wao pia wamekutana na mamia. Ripoti itolewe kwenye kikao kilichotajwa kwenye barua ya viza, nakala iende serikali ya kijiji iliyokuandikia barua na kwa afisa ugani. Kisha jaribuni jambo moja mliloletewa, kwenye mizinga michache, msimu mmoja. Risiti zote za safari, hata ya basi la Malpensa, zikabidhiwe kwa mweka hazina siku hiyohiyo ya kikao.